Kanda Uliyoihifadhi Pamoja na Mbegu

Shosho wangu, Mama Wawira wa kwanza,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kumuuliza mtu hali yake. Wewe sitakuuliza. Uko pale kando ya mibuni, karibu na babu yangu, Guka, na mara ya mwisho nilipopita nyumbani nilikuta nyasi imekatwa vizuri, na yale maua yako ya manjano yamepanda mpaka yameshika msalaba. Hali yako naijua. Yangu ndiyo huijui, kwa hivyo wacha nianze nayo.

Nina mtoto. Ni msichana, ameanza kuota meno, na ana kile kichwa kikubwa cha kwetu ambacho sweta haitaki kupita. Nilimzaa huku Meru. Baba yake hakuwahi kuleta wazee kwetu, kwa hivyo jina halikuwa na mjadala. Si unajua desturi: msichana wa kwanza ni wa kumwita mama ya mume, na kama hakuna mume, mtoto ni wa kwetu na jina linarudi kwetu. Nikamwita Wawira, jina la mama yangu, binti yako.

Sasa hapa Nchiru hakuna anayeniita Igoki. Nina kibanda karibu na hosteli ya chuo, napika chapati na maharagwe ya madondo na chai, na wanafunzi wakija wanasema, "Mama Wawira, niwekee mbili, na supu iwe mob, ijae." Siku ya kwanza kuitwa hivyo niligeuka kuangalia nyuma. Nilidhani umeingia. Maisha yangu yote nimejua Mama Wawira ni mtu mmoja tu, na hakuwa mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya ile kanda. Ile ya juu, Shosho. Imeshuka.

Lakini kwanza wacha nikuhadithie ulivyonihadithia, ujue nilikuwa nasikiliza. Ulidhani nalala. Nilikuwa nakaa kwa kile kiti kifupi, tunaambua maharagwe, moto unawaka, na ile sufuria ya maziwa imefunikwa na santuri ya Thuci Jazz. Kwetu santuri zilifunika maziwa. Watoto wa majirani walicheka, na wewe uliwaambia, "Chekeni. Hayo maziwa yanalala na muziki. Ya kwenu yanalala na mfuniko."

Guka alikuwa na duka la baiskeli pale Runyenjes, na kando ya spoki na tairi aliuza santuri zilizotoka Nairobi. Siku moja Njeru akaingia na saksafoni ndani ya gunia la kahawa. Alikuwa amejifunza kupuliza huko jeshini, akarudi nyumbani akakuta vijana wenye magita, wakajiita Thuci Jazz. Ulisema enzi hizo kila bendi ilikuwa jazz. Hata wenye gita moja na debe walikuwa jazz. Lakini Njeru alikuwa jazz kweli, ulisema, kwa sababu hakuna wimbo aliopiga leo na kesho ukawa ule ule. Vijana wa magita walikuwa wanamlaani kwa hiyo tabia.

Walikuwa wametoka Nairobi kwa kampuni moja ya santuri, wakarudishwa mlangoni. Mwenye kampuni aliwauliza ni nani atanunua jazz iliyoimbwa kwa Kiembu. Guka akawaambia pole, akawapa chai. Wewe ulikuwa nyuma ya kaunta umembeba mama yangu mgongoni, akiwa mchanga bado, ukauliza, "Kwani sisi tuko wapi? Hatuna masikio?"

Njeru akasema, "Masikio tunayo, Mama Wawira. Kampuni ndiyo haiko."

"Basi tuwe kampuni."

Guka alikuambia usiwe na mzaha. Ulipenda sana hapo. Ulikuwa unaniiga sauti yake, ile ya kukoroma, halafu unacheka mpaka maharagwe yanaanguka kwa jivu na mimi ndio wa kuokota.

Jina lilikuwa shida. Guka alitaka Simba. Halafu akataka Mlima. Wewe ukasema watu wa Nairobi wana stima, sisi tuna koroboi, na bado tunaonana. Ndiyo ikawa lebo ya Koroboi. Mchoraji wa mabango akachora ile taa ndogo ya mafuta na moto wake juu, lakini sijui alikuwa amekunywa nini, ikatoka kama karoti imesimama. Ikachapishwa hivyo hivyo katikati ya kila santuri. Mpaka leo wazee wa Runyenjes ukiwauliza wanasema, "Ah, zile za karoti."

Mlirekodi ndani ya stoo ya kiwanda cha kahawa, wakati si wa mavuno, kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na stima, na kwa sababu ya magunia. Mlitundika magunia matupu ukutani mpaka dari, sauti isirukeruke. Mashine ya kurekodia mliazima kwa mmisionari aliyerekodi nayo kwaya. Guka alimwambia ni kwa ajili ya muziki. Hakusema muziki gani. Na santuri ziliporudi kutoka kuchapwa Nairobi, zikiwa ndani ya maboksi juu ya basi, zilikuwa zinanuka kahawa. Hilo sijawahi kuliamini. Santuri inanukaje kahawa? Lakini wewe ulisema zilinuka, na mimi nilipanda kiti nikanusa mfuniko wa maziwa, nikakuambia ndiyo, zinanuka.

Kuna kitu kimoja hakuna kampuni nyingine iliyofanya, na nataka watu wajue ni wewe. Kabla ya kukubali santuri nyingi zichapwe, mlikuwa mnapewa moja ya kujaribu. Wengine wangewaita marafiki waisikilize na kusifu. Wewe ulikuwa unachukua kinanda cha santuri ndani ya kiondo, unaenda sokoni siku ya soko, unakiweka kwa ngazi ya duka, unawasha, halafu unavuka barabara. Hukuangalia kinanda. Uliangalia akina mama waliobeba mizigo, wale wa ndizi, kamba imeshika paji la uso. Kutingisha kichwa, hapana, hiyo haikuhesabika. Kutabasamu, hapana. Ulikuwa unangoja mmoja aweke mzigo chini. Kwa sababu mtu akishaweka ndizi chini, kuzipandisha tena mgongoni ni kazi, na hakuna atakayejipa hiyo kazi kwa wimbo wa kijinga.

"Akiweka chini, wimbo umepita," uliniambia. "Asipoweka, Njeru arudi kwa magunia."

Wimbo ukishapita Runyenjes, ulikuwa unasafiri nao mpaka soko la Gakoromone, huku Meru, kuujaribu kwa Wameru. Ulisema Wameru ni wagumu, wanasikiliza kama watu wanaodai kitu. Lakini wakiweka chini, wanaweka na kuketi juu yake. Sasa naishi nao, Shosho, na ni kweli.

Niliuliza juu ya mama nikiwa darasa la kwanza au la pili. Unakumbuka? Nilikuwa na ile picha moja tu, ya kitambulisho, mama ameangalia mbele kama anaogopa kupepesa. Alifariki kabla sijashika kumbukumbu yoyote. Sura nilikuwa nayo. Nikakuuliza, "Mama alikuwa na sauti gani?"

Uliacha kuambua maharagwe. Halafu ukanyoosha mkono juu ya moto, kwa itara, ule uchaga ambapo mahindi ya mbegu yalikuwa yametundikwa kwa moshi, meusi kama makaa. "Iko kule," ukasema. "Na mbegu."

Ndipo ukanihadithia. Kwamba mlipokuwa mnarekodi wimbo wa mwisho wa Njeru msimu ule wa kwanza, mama alikuwa mgongoni kwako, na katikati ya wimbo akaanza kulia. Kila mtu akaacha kupiga, yeye akaendelea. Ikabidi warudie, na ile ya pili, isiyo na kilio, ndiyo ikawa santuri. Njeru alitaka kufuta ile ya kwanza aitumie tena, kwa maana kanda zilikuwa adimu. Ukamwambia asiiguse. Ukaiweka pamoja na kanda nyingine zote za Koroboi mahali ambapo kila mtu wa kwetu anaweka kitu asichotaka kiharibike. Mahindi ya mbegu hukaa juu ya moto, moshi unayapita, na dumuzi hawayagusi. Mvua ikikaribia unayashusha, yanaota yote. Ungeweka wapi tena?

"Tutaisikiaje?" nilikuuliza.

"Mashine ilirudi kwa wenyewe. Tutapata nyingine."

Hatukupata. Kaseti zilikuja, watu wakaanza kunakili nyimbo zenu vibandani hata kabla hamjashuka kwa basi, Guka akaugua, vijana wa magita wakaenda kutafuta kazi, na Njeru akaokoka akaanza kupulizia kanisa. Bango la karoti likapakwa rangi, duka likawa la dawa za ng'ombe. Ulinieleza hayo yote bila kulalamika, kama mtu anayesimulia mvua ya mwaka fulani. Kitu kimoja tu ulikuwa unarudia: "Ile ya kilio nimeifunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Usije ukakosea."

Halafu ukaenda, Shosho. Nilikuwa nimeacha shule, nimekuja Meru kuuza kwa duka la mtu. Nilifika nyumbani ukiwa tayari husemi. Lakini ulinishika kidole.

Mwezi uliopita mjomba Nyaga alinipigia. Unamjua mwanao, hasalimii.

"Igoki, nabomoa jikoni ya shosho. Nataka kuweka ya gesi, na tailisi sakafuni. Kuja utoe takataka zake kabla nizichome."

"Itara iko bado?"

"Iko. Imejaa masizi na mahindi ya kina Nuhu."

Nilifunga kibanda, nikamfunga Wawira mgongoni, nikaja. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni na nyundo, lakini alipoona mtoto aliiweka chini akamchukua. Akamuuliza, "Dada, umerudi? Umeninyima chapati miaka mingapi?" Ndivyo anavyomwita sasa, dada, kwa sababu ya jina. Alienda naye nje kumwonyesha ng'ombe, na nafikiri alilia kidogo huko, kwa maana alirudi macho mekundu akasingizia masizi, na hakuwa ameingia jikoni.

Nilipanda juu ya kiti chako. Kanda zilikuwa pembeni, zile kubwa za duara kama sahani. Shosho, sitakuficha. Moto uliwahi. Zile za pembeni zilikuwa zimegandana kama chapati zilizopangwa bado moto. Nilijaribu kufungua moja, ikavunjika kama ganda la mti. Nilikaa hapo juu nikazishika na sikujua nikukasirikie au nikuhurumie. Uliziweka pale kwa upendo wote, na moshi ule unaofukuza dumuzi ndio uliozila.

Halafu nikasukuma mahindi. Katikati kabisa, mahindi yamelizunguka pande zote kama mayai kwa kiota, kulikuwa na furushi. Gome kavu la mgomba kwa nje. Ndani yake, kitambaa chako cha buluu.

Niliipeleka ile kanda kwa Mutwiri, fundi wa redio na spika ambaye kibanda chake kinatazamana na soko la Gakoromone. Ana mashine kuukuu ya kanda kubwa, iliyotolewa kwa stoo ya kanisa fulani, na watu humletea mahubiri ya zamani. Alifungua kitambaa, akanusa.

"Hii ilikuwa wapi?"

"Juu ya moto. Na mahindi ya mbegu."

"Kwa muda gani?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

Alivua miwani akaniangalia. "Madam, hii ni kanda, si nyama. Nani alikuwa anaikausha?"

"Ni shosho. Alikuwa anaihifadhi."

"Aliihifadhi kweli. Hata panya ameona hii si chakula, ni dawa."

Nilicheka, yeye pia akacheka, halafu akashika ncha ya utepe na kidole, polepole, na kicheko kikaisha. Kidole kilitoka na unga mweusi. Akanieleza kwamba sauti imeshikwa na ule unga, na unga umeanza kuachana na utepe. "Nikikuambia uongo utanichukia. Hii itacheza mara moja. Ikipita hapa, unga unabaki kwa mashine. Ukisikia, umesikia. Baada ya hapo ni kamba tu."

"Na ikikataa?"

"Basi imekataa."

"Naweza kukaa nayo kwanza?"

"Unaweza. Pengine kuna watu Nairobi wako na mashine nzuri kuliko hii. Lakini kila siku inaachana kidogo. Hiyo siwezi kuizuia."

Nilikaa kwa stuli yake. Wawira alikuwa mgongoni ananivuta nywele. Nikawaza nirudi na furushi langu Nchiru, nilifiche mahali pakavu, angalau nijue mama yumo ndani. Miaka yote hii nimeishi nikijua yumo. Nikisikia na kanda ikatae, hatakuwemo tena popote. Lakini nikakumbuka ulivyokuwa ukinusa mvua na kupanda kwa itara. Hukuziacha mbegu huko juu ukajivunia kwamba unazo. Ulizishusha, ukaziweka kwa udongo, na kama kuna ambazo hazikuota, hazikuota.

"Iweke kwa mashine," nikamwambia.

Waya wa kuunganisha mashine na simu yangu ulikuwa umekatika ndani, kwa hivyo aliweka simu mbele ya spika, irekodi hivyo hivyo kama sikio. Akafunga mlango. Akazima redio ya jirani kwa kugonga ukuta. Halafu akamwangalia Wawira.

"Mtoto apelekwe nje. Akilia hapa, ndiyo hiyo tena. Hakuna kurudia."

Nilisimama nimfungue shuka, nimpe mama wa nyanya aliye mlangoni. Mikono ilifika kwa fundo ikakataa. Nikakuona ukiwa kwenye stoo ya kahawa, na magunia ukutani, na Njeru anakuambia maneno hayo hayo.

"Nje kuna jua kali," nikamwambia. "Atakaa."

Mutwiri akatingisha kichwa kama mtu aliyenawa mikono. Akabonyeza.

Kwanza ilikuwa mvumo tu. Sikujua kama ni kanda inachakaa au ni mvua kwa mabati ya kiwanda. Halafu mwanamume akakohoa, karibu kabisa, kama amesimama nasi. Akasema kwa Kiembu waanze polepole, na yule wa gita la pili asikimbie kama jana. Njeru. Magita yakaingia. Saksafoni ikaingia. Ule wimbo wa mfuniko wa maziwa, Shosho, lakini si ule. Ulikuwa umelegea zaidi, kama mtu anayetembea akijua atafika. Utepe ulikuwa unapita na unga unaanguka kwa meza, na Mutwiri alikuwa ameinama juu yake bila kupumua.

Ndipo akalia.

Kilio cha mtoto mchanga, kikali, cha njaa. Magita yakaachana, moja, halafu lingine. Watu wakacheka. Njeru akasema, "Mama Wawira, si tulikubaliana mtoto akae nje?" Na sauti ya msichana, msichana kabisa, mdogo kuliko mimi, ikamjibu, "Nje kuna mvua. Toka wewe." Miaka yote uliniambia ulimjibu Njeru kwa adabu. Shosho, hukumjibu kwa adabu.

Mama aliendelea kulia, na hapo kitu kikanipata ambacho nakuambia wewe tu, ingawa barua hii wengine wataisoma. Maziwa yalishuka. Kwa nguvu, bila kuambiwa, mpaka blauzi ikalowa pande zote mbili. Wawira wangu alikuwa ametulia mgongoni, amenyamaza, hana haja na chochote. Mwili wangu ulisikia mama yangu analia njaa na ukataka kumnyonyesha. Nilijifunika kwa leso nikalia nikicheka. Sauti nilikuwa nimeitafuta tangu darasa la pili, na sikuwa nimewahi kufikiri kwamba nikiisikia, ndimi nitakayekuwa mkubwa.

Mashine yenu hakuna aliyeizima. Labda mlisahau. Ulisema, "Nipeni dakika anyonye," kukawa na kimya, viti vinasogezwa, mvua. Na ndani ya hicho kimya Njeru akaanza kupuliza, chini chini, si ule wimbo, si wimbo wowote. Alikuwa anambembeleza. Anapanda kidogo, anangoja, anashuka. Mama akawa na kwikwi, na saksafoni inamjibu kila kwikwi. Hukuwahi kuniambia hili. Labda kwako lilikuwa jambo dogo, mtu mmoja anatuliza mtoto ili kazi iendelee. Lakini nimezisikiliza santuri zote za Koroboi mpaka zikakwaruza, na hamkuwahi kutoa kitu kizuri kama hicho.

Nyuma yangu Wawira akasema, "Aaah." Mara moja tu, kama anayekubali.

Halafu utepe ukaanza kupiga kelele, ukavutika, na ukaisha. Mutwiri akazima. Akapangusa kichwa cha mashine na pamba, ikatoka nyeusi, akataka kuitupa. Nikamwomba. Nimeifunga kwa kitambaa chako, sijui ni ya nini.

Simu ilikuwa imeshika yote. Mpaka ile "aaah."

"Naweza kukukatia," Mutwiri alisema. "Nitoe kilio, nitoe maneno, ubaki na ile saksafoni ya mwisho. Hiyo ni safi."

"Usiguse."

Alicheka. "Hiyo sauti, ya 'Toka wewe', ndiyo nimetoka kuisikia kwa spika."

Siku ya soko iliyofuata nilirudi Gakoromone. Nilikuwa nimejiambia naenda kununua maharagwe ya kibanda. Nilimpa Mutwiri simu, akaiunganisha na ile spika kubwa anayoiweka nje, na mimi nikavuka barabara, Wawira mgongoni. Sikuangalia spika. Niliangalia watu na mizigo yao, ulivyonifundisha.

Magita yakaanza. Watu wakapita. Mwenye mkokoteni wa kabeji akapita akitukana. Mwanamume mmoja alitingisha kichwa, lakini hiyo haihesabiki. Saksafoni ikaingia na hakuna aliyesimama, nikaanza kukuonea huruma, nikaanza kufikiri kwamba soko la siku hizi lina kelele nyingi mno kwa Njeru.

Mtoto akalia.

Mama mmoja wa makamo, amebeba mkungu mkubwa wa ndizi, kamba kwa paji la uso, alisimama katikati ya barabara. Akageuza kichwa chote na mzigo wake, huku na huku. Nyuma yake mwingine wa viazi naye akasimama. Yule wa ndizi akaninyooshea macho, akamwona Wawira amelala, akachanganyikiwa.

"Ni mtoto wa nani analia hivyo?" akauliza. "Hana mtu?"

"Yuko naye," nikasema. "Sikiliza, sasa hivi atapewa."

"Kwani unamjua?"

"Ni mama yangu."

Aliniangalia vile Wameru wanavyoangalia. Halafu akapiga goti, akaachilia kamba, akaweka mkungu chini. Akauketia. Hapo spika ikanyamaza kidogo, ukasikika ukiomba dakika, na Njeru akaanza kumbembeleza, na yule mama akakaa hapo katikati ya Gakoromone, boda boda zikimzunguka na kupiga honi, mpaka mwisho.

Umepita, Shosho.

Wanafunzi wangu wameniomba niwatumie kwa simu zao, nami nimewatumia pamoja na kilio chake. Kuna msichana mmoja anayekula kwangu kwa deni na kuimba akisubiri chapati iive, na mwenzake ana gita. Nimeanza kutundika magunia ya makaa kwa ukuta wa kibanda. Wanafikiri ni kwa sababu ya baridi. Sijawaambia bado.

Sikurudisha chochote juu ya moto. Lakini yale mahindi nilikuja nayo, na kwa kuwa mvua imenukia, nimeyapanda nyuma ya hosteli, mahali padogo tu. Mengine yameoza. Mengine, Shosho, yameota, yametoa masikio.

Lala sasa. Mtoto ameamka, na nimeshaanza kulowa.

Mjukuu wako,
Mama Wawira.